Jina la Mahali Likilindwa, Ardhi Inapata Nini?

Agosti 2022, wafugaji wa milima ya Auvergne, katikati ya Ufaransa, walisimamisha utengenezaji wa jibini yao maarufu iitwayo Salers. Mvua zilikuwa zimegoma, malisho yamekauka, na ng'ombe hawakuwa na nyasi za kutosha. Chakula kingine cha kuwalisha kilikuwa kinanunulika, na maziwa yangeendelea kutoka. Lakini masharti ya jina Salers yanasema jibini hiyo hutengenezwa kwa maziwa ya ng'ombe walio malishoni, kati ya 15 Aprili na 15 Novemba, na kwamba angalau asilimia 75 ya wanachokula iwe nyasi. Nyasi hazipo, Salers haipo. Wakaacha kutengeneza, msimu ukiwa katikati.

Kwa hesabu ya kawaida ya biashara, uamuzi huo haueleweki: wateja wapo, maziwa yapo, na bado mtu anafunga kazi. Anayetaka kujua jinsi alama za vyakula vya asili ya mahali zinavyoweza kusaidia maendeleo endelevu, na kwa nini mara nyingine zinashindwa, aanzie hapo. Jina peke yake haliokoi ardhi wala mkulima. Kazi hufanywa na masharti yaliyo nyuma ya jina, na kwa hiyo na watu waliokaa mezani siku yalipoandikwa.

Jina ni la nani?

Kisheria alama hizi huitwa viashiria vya kijiografia. Ufafanuzi unaotumika karibu duniani kote umo katika TRIPS, mkataba wa haki miliki wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kazi mwaka 1995. Kifungu cha 22 kinasema kiashiria cha kijiografia ni kile kinachoitambulisha bidhaa kuwa imetoka katika nchi, eneo au sehemu fulani, ikiwa ubora wake, sifa iliyojijengea au tabia yake nyingine inatokana hasa na mahali hapo. Uzito wote uko kwenye "inatokana hasa". Viazi vya bonde fulani ni viazi tu, mpaka wakulima waweze kuonyesha kwamba udongo, hali ya hewa, mbegu au ujuzi wa bonde lile umeingia ndani ya kiazi kiasi cha kutambulika, au kwamba kiazi hicho kimejijengea jina kwa sababu ya bonde lile.

Tofauti yake na alama ya biashara ndiyo inayoleta maana yote ya kiuchumi. Alama ya biashara ina mwenyewe. Kampuni huisajili, huiuza, huikodisha, na ikitaka huipeleka bara jingine. Kiashiria cha kijiografia hakiuzwi. Mzalishaji yeyote aliye ndani ya mipaka na anayefuata masharti ana haki ya kukitumia. Aliye nje hana, hata awe tajiri kiasi gani. Kiwanda kikihamia penye vibarua wa bei rahisi, kinaliacha jina nyuma. Vijiji vingi vimewahi kuona shughuli yao kuu ikifungasha na kuondoka. Hii ni aina adimu ya mali ambayo mwekezaji hawezi kuondoka nayo.

Wazo lenyewe si geni. Bonde la Douro nchini Ureno liliwekewa mipaka ya mvinyo wake mwaka 1756. Ufaransa ilitunga sheria ya jibini ya Roquefort mwaka 1925, na mwaka 1935 ikaunda chombo cha kitaifa cha kusimamia majina ya asili. Umoja wa Ulaya ulianzisha mfumo wake wa vyakula mwaka 1992, wenye ngazi mbili. Ya juu inataka kila hatua ya uzalishaji ifanyike ndani ya eneo husika. Ya pili inaridhika na hatua moja angalau. Mnunuzi anayeona nembo mbili zinazofanana kwenye rafu huenda asijue kwamba moja inamwambia malighafi imetoka palepale, na nyingine inaruhusu itoke kwingine.

Ulinzi nao una viwango. Kwa mvinyo na pombe kali, TRIPS inakataza hata kuandika "aina ya" au "mfano wa" mbele ya jina la watu. Kwa vyakula vingine inataka ithibitishwe kwamba mnunuzi anapotoshwa, kazi inayohitaji mawakili na fedha. Nchi kadhaa zinazoendelea zimedai kwa miaka mingi kwamba pengo hilo lizibwe, na sioni hoja nzito ya kuwapinga: mchele, chai na kahawa ni vyakula vya mahali sawasawa na mvinyo. Ndani ya Ulaya ukuta ni mrefu zaidi. Ugiriki ilisajili jina feta mwaka 2002, Ujerumani na Denmark zikapinga, na mwaka 2005 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaipa Ugiriki ushindi. Mwaka 2022 mahakama hiyohiyo iliamua kwamba Denmark ilikosea kuwaachia wazalishaji wake kuuza "feta" hata katika nchi zilizo nje ya Umoja. Marekani, kwa upande wake, inachukulia majina mengi ya namna hiyo kuwa ya kawaida, na hutumia sheria ya alama za biashara pale inapokubali kulinda. Kwa hiyo jina lililo salama katika bandari moja linaweza kuwa halali ya kila mtu katika bandari nyingine.

Bei inapanda, lakini inashukia mfukoni mwa nani?

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sokoni, hata hivyo, kizuri huigwa kwanza, na anayeiga huuza kwa bei ya chini kwa sababu hakubeba gharama. Kazi ya kwanza ya alama ni kumwondoa huyo. Ya pili ni kumpa mnunuzi wa mbali, asiyeweza kumfahamu mkulima, sababu ya kuamini.

Fedha zipo kweli. Mwaka 2018 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, pamoja na Benki ya Ulaya ya Ujenzi na Maendeleo, walichapisha uchunguzi wa bidhaa tisa, zikiwemo kahawa ya Kolombia, zafarani ya Taliouine nchini Morocco, jibini ya Manchego ya Hispania na pilipili manga ya Penja nchini Kamerun. Waliona bei za bidhaa hizo zimepanda kwa kati ya asilimia 20 na 50 kutokana na usajili. Utafiti uliofanywa kwa ajili ya Tume ya Ulaya na kutolewa mwaka 2020 ulikuta kwamba bidhaa yenye jina linalolindwa huuzwa kwa wastani wa mara mbili ya bei ya bidhaa inayofanana nayo isiyo na jina.

Takwimu hizo hunukuliwa sana, na nadhani hunukuliwa vibaya. Bei mara mbili si faida mara mbili. Maziwa ya ng'ombe anayekula nyasi tu yana gharama kubwa, jibini inayokaa miezi kumi na miwili ghalani imefunga mtaji, na mkaguzi naye hulipwa. Isitoshe, bei ya dukani haisemi lolote kuhusu mgawanyo. Kati ya mkulima na rafu kuna mkusanyaji, msindikaji, msafirishaji na muuzaji, na ongezeko la bei hukwama kwa yule mwenye nguvu kuliko wenzake.

Mfano unaonivutia zaidi kwa mgawanyo ni Comté, jibini ya milima ya Jura, mpakani mwa Ufaransa na Uswisi. Maziwa hupelekwa kwenye viwanda vidogo vya vijijini, vingi vikiwa vya ushirika wa wafugaji wenyewe. Masharti yanasema kiwanda kikusanye maziwa ndani ya duara lenye kipenyo cha kilomita 25. Ukiyasoma harakaharaka, hilo ni sharti la ubichi wa maziwa tu. Ukitulia unaona linafanya jambo jingine: linazuia kiwanda kimoja kikubwa kumeza maziwa ya mkoa mzima. Kwa mstari mmoja wa masharti, mamia ya kazi zimebaki vijijini. Zaidi ya hapo, umoja wao huleta pamoja wafugaji, watengenezaji na wakomazaji wa jibini, na hupanga kiasi cha kuzalisha kila mwaka, jambo ambalo sheria ya Ulaya ya mwaka 2012 inawaruhusu wenye jibini za namna hii. Kwa hiyo hata mwaka ukiwa mzuri bei haiporomoki, kwa kuwa si kila mtu anayejizalishia zaidi apendavyo.

Uaminifu wa jina hulindwa kwa mikono na masikio. Kwenye maghala ya Parmigiano Reggiano, kaskazini mwa Italia, kila gurudumu la jibini lenye uzito wa karibu kilo 40 hukaguliwa likitimiza miezi kumi na miwili. Mkaguzi hulishusha, huligonga kwa nyundo ndogo huku na huku, na kusikiliza. Sauti ikiwa sawa pande zote, ndani hamna mwanya wala ufa, na gurudumu hupigwa muhuri wa moto. Likikataliwa kabisa, yale maandishi ya vitone yaliyolizunguka tangu siku ya kwanza hukwanguliwa yote, libaki uchi, liuzwe bila jina. Mzalishaji aliyelitunza mwaka mzima husimama akitazama. Ni ukali unaouma, lakini bila huo jina halingestahili bei yake.

Penja ni habari ya mwanzo mpya. Pilipili manga hiyo hulimwa kwenye udongo wa volkano, na iliposajiliwa mwaka 2013 na shirika la haki miliki la nchi za Afrika zinazotumia Kifaransa, OAPI, ilikuwa miongoni mwa majina ya kwanza kupata ulinzi huo katika mfumo wao. FAO iliripoti kwamba mapato ya wakulima wa hapo yaliongezeka mara sita. Umoja wa Ulaya nao uliisajili mwaka 2022. Mafanikio ya ukubwa huo hualika wageni: jina likipanda bei, ardhi iliyo ndani ya mipaka nayo hupanda, na mkulima mdogo asiye na hati hujikuta akishindana na mwenye fedha kwa shamba alilolizoea. Ninaposoma sifa za alama yoyote, swali langu la kwanza ni nani ana hati za ardhi ndani ya ile ramani.

Masharti yanapogusa udongo

Hapa ndipo uhusiano na mazingira ulipo, na ndipo ahadi nyingi huvuja. Hakuna chochote katika ufafanuzi wa TRIPS kinachotaja misitu, maji, nyuki au mishahara. Sheria inalinda uhusiano kati ya bidhaa na mahali. Uhusiano huo unaweza kuwa wa kutunza au wa kukamua.

Pale ambapo ladha yenyewe inategemea uhai wa mazingira, mambo huenda vizuri kwa urahisi zaidi. Asali nyeupe ya Oku, katika nyanda za juu za kaskazini-magharibi mwa Kamerun, hutoka kwa nyuki wanaokula maua ya miti ya msitu wa Kilum-Ijim, ulio juu ya mita 2,000. Weupe wake na uzito wake, unaokaribia samli iliyoganda, hutokana na maua hayo. Msitu ukikatwa, asali haiwi mbaya tu. Inaacha kuwa asali ya Oku. Mfugaji wa nyuki anayeuza kwa jina hilo ana sababu ya mfukoni ya kumzuia jirani asichome msitu, na sababu ya mfukoni hudumu kuliko bango la wizara. Asali hiyo ilisajiliwa mwaka uleule na pilipili ya Penja. Lakini tangu 2017 eneo lake limo katika mgogoro wa silaha, na hakuna alama inayoweza kumfikisha mnunuzi mahali ambapo barabara imefungwa kwa bunduki.

Comté nayo ina masharti yanayogusa ardhi moja kwa moja: walau hekta moja ya malisho kwa kila ng'ombe wa maziwa, marufuku ya saileji, yaani majani yaliyovundikwa, na mifugo ya aina mbili tu. Marufuku ya saileji iliwekwa kwa ajili ya jibini, kwa sababu vijidudu vya majani yaliyovundikwa huiharibu inapokomaa. Matokeo yake mashambani ni kwamba wafugaji hutegemea malisho na nyasi kavu, na malisho ya kudumu yenye maua na majani ya aina nyingi yakabaki pale ambapo kwingineko yamegeuzwa mashamba ya mahindi. Mazingira yalinufaika kupitia mlango wa nyuma. Hata hivyo mto Loue, unaopita katika eneo hilohilo, umeshuhudia vifo vingi vya samaki tangu 2010, na mbolea inayotiririka kutoka mashambani inatajwa kati ya sababu. Jibini iliuzika sana, mifugo ikaongezeka tija, na miamba ya chokaa ya Jura hupitisha maji haraka. Umoja wa wazalishaji ulijibu kwa kuandaa masharti makali zaidi, yakiwemo ya mbolea na ya ukubwa wa mashamba. Naheshimu jibu hilo. Linaonyesha pia kwamba masharti yaliyotosha wakati wa bei ndogo hayatoshi wakati wa bei kubwa.

Sasa tazama tequila, pombe kali inayotengenezwa kwa mmea uitwao agave. Meksiko ililinda jina hilo mwaka 1974, na ni kati ya viashiria vya kijiografia vinavyojulikana zaidi duniani. Kwa wanaopima mafanikio kwa mauzo, hakuna cha kuongeza. Lakini masharti yake yanataka aina moja tu ya agave, ile ya buluu, mmea wa jamii moja na mkonge. Unakomaa kwa miaka sita au zaidi, na wakulima huuzalisha kwa kupanda machipukizi yake, kwa hiyo mashamba makubwa yamejaa mimea iliyo nakala ya mmoja na mwenzake. Ugonjwa ukiingia haukutani na upinzani. Ndivyo ilivyokuwa miaka ya mwisho ya 1990: maradhi yalishambulia, agave ikaadimika, bei ikapaa, kila mtu akapanda, na miaka michache baadaye soko likafurika na wakulima wadogo wakaachwa na mimea isiyolipa gharama ya kuvuna. Kampuni nyingi zilianza kukodi ardhi na kulima zenyewe, na mwenye shamba akawa mpangishaji kwenye shamba lake. Masharti pia yanaruhusu tequila ambayo asilimia 51 tu ya sukari yake imetoka kwa agave. Mahali palilindwa kwenye lebo, lakini kilichomo ndani ya chupa kikaachiwa nafasi kubwa ya kutoka popote.

Mvinyo wa Prosecco, nchini Italia, una habari inayokaribiana na hiyo. Mwaka 2009 mipaka ya jina ilitanuliwa hadi kufikia majimbo tisa ya kaskazini-mashariki, na kijiji kiitwacho Prosecco, kilicho karibu na Trieste, kikaingizwa ndani ili jina lipate mahali pa kusimama kisheria. Vilima vya zamani vya Conegliano na Valdobbiadene vilipewa ngazi ya juu zaidi. Mizabibu imesambaa kila penye nafasi, na watafiti wamepima udongo mwingi ukisombwa na mvua kutoka kwenye miteremko hiyo. Sheria haikuvunjwa popote.

Kuna utafiti mmoja ambao ningependa kila anayeandaa mradi wa aina hii ausome kwa makini. Ulichapishwa mwaka 2011, nao ulihusu mafuta ya argan ya Morocco, yanayotoka kwa mti usioota kwa asili karibu popote pengine. Soko la dunia lilipoyagundua, bei ilipanda vikali. Watafiti walikuta baadhi ya kaya zilizonufaika zikiwaendeleza zaidi mabinti zao kutoka shule ya msingi hadi sekondari. Hilo ni maendeleo ya kweli, na sitaki mtu alipuuze. Lakini kaya hizo pia ziliweka akiba yao kwa njia wanayoijua wafugaji, yaani kwa kununua mbuzi. Na mbuzi wa huko hupanda juu ya miti ya argan wakala majani na matunda yake. Msitu haukunufaika na bei, uliumia. Kilichokosekana ni kanuni ya malisho inayounganishwa na faida ya mafuta. Bei nzuri ilifika kabla ya kanuni, na jina lilikuja kulindwa baadaye.

Walioachwa nje ya ramani

Maendeleo endelevu yana watu ndani yake, jambo ambalo vipeperushi vya alama hizi hupita kwa haraka. Chai ya Darjeeling ilikuwa bidhaa ya kwanza kusajiliwa chini ya sheria ya India ya viashiria vya kijiografia, mwaka 2004. Jina ni la mashamba makubwa 87. Chai huchumwa kwa mkono, kwa sehemu kubwa na wanawake, na utaalamu wa vidole vyao, kuchagua majani mawili na kichipukizi, ni sehemu ya sababu ya chai hiyo kuwa na thamani. Lakini wao ni vibarua wa mashamba. Hawana hisa katika jina, na ujira wao hupangwa katika majadiliano ya mshahara, mbali na bei ya mnada wa chai bora. Alama iliwapa wamiliki silaha dhidi ya wauzaji wa chai bandia. Haikubadilisha uhusiano kati ya mwenye shamba na mchumaji, kwa sababu hakuna aliyeiomba ifanye hivyo.

Mipaka nayo huacha watu nje kwa namna za ajabu. Jibini ya Stilton ya Uingereza inaruhusiwa kutengenezwa Derbyshire, Leicestershire na Nottinghamshire tu. Kijiji cha Stilton, kilichoipa jina, kipo Cambridgeshire, kwa hiyo hakiruhusiwi. Masharti yale pia yanataka maziwa yaliyochemshwa kuua vijidudu. Anayetaka kutumia maziwa mabichi lazima atafute jina jingine. Kila kundi linaloandika masharti linachagua toleo moja la mila na kuyaacha mengine, na wanaokuwepo siku ya kuandika mara nyingi ni wakubwa wenye mawakili.

Rooibos ya Afrika Kusini, mmea ambao majani yake hunywewa kama chai, inafundisha mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni hatari ya kuchelewa: mwaka 1994 kampuni moja ilisajili neno rooibos kama alama yake ya biashara nchini Marekani, na kesi hiyo iliisha mwaka 2005 tu. Wazalishaji walijipanga, na mwaka 2021 Umoja wa Ulaya ukalisajili jina hilo katika ngazi yake ya juu. La pili linahusu haki. Ujuzi wa kutumia mmea huo wa milima ya Cederberg ni wa Wasan na Wakhoi, wenyeji wa asili wa huko. Mwaka 2019 ulifikiwa mkataba unaowapa asilimia 1.5 ya bei ya rooibos shambani. Mkataba huo ulitokana na sheria ya bayoanuwai na mgawanyo wa manufaa. Sheria ya majina ya mahali haikuulizia nani aligundua mmea. Ningependa kuona mambo hayo mawili yakifungwa pamoja, kwamba kundi haliwezi kusajili jina kabla ya kueleza ujuzi huo ni wa nani.

Pia kuna mahali ambapo njia hii haifai, na ni heri kulisema wazi. Ethiopia ilipotaka kuinua bei ya kahawa zake za Sidamo, Harar na Yirgacheffe katika miaka ya 2000, ilichagua kusajili majina hayo kama alama za biashara za taifa na kutoa leseni. Hoja yake ilikuwa ya vitendo: kahawa hulimwa na mamilioni ya wakulima wadogo waliotawanyika, na kuwakagua mmoja mmoja kungegharimu zaidi ya faida. Usajili wa kiashiria unahitaji umoja ulio hai, ramani isiyogombaniwa, mkaguzi anayeaminika, na fedha za kuendesha hayo kila mwaka. Serikali au mfadhili anaweza kulipia karatasi za mwanzo. Umoja usipokuwepo, cheti hutundikwa ukutani na dalali anaendelea kununua kwa bei ya jana.

Ramani ile ile, mvua tofauti

Tatizo linalokuja ni kubwa kuliko yote niliyoyataja. Jina limefungwa kwa mahali, na mahali panabadilika. Wafugaji wa Salers walitii masharti katika mwaka mmoja wa ukame. Ikija miaka mitano mfululizo, utii huo utakuwa wa kufilisi.

Baadhi wameanza kusogea. Mwaka 2021 eneo la mvinyo la Bordeaux liliidhinishiwa aina sita mpya za mizabibu, ikiwemo Touriga Nacional ya Ureno, ili kujaribu kuendana na joto. Kwa sehemu iliyojenga heshima yake juu ya mizabibu ileile kwa vizazi, hilo si jambo dogo. Wapo wanaosema kubadilisha masharti ni kuua mila. Mimi naona masharti yamekuwa yakibadilika tangu yalipoanza, na kinachotakiwa kubaki ni uwezo wa wazalishaji kuamua pamoja. Hatari halisi ni mabadiliko yanayopitishwa kwa kisingizio cha hali ya hewa ili kulegeza gharama: kuongeza chakula cha kununua, kupanua mpaka, kuruhusu maji ya bomba pale palipotegemea mvua. Ombi la kulegeza lina sababu nzuri likija pamoja na sharti jipya linalopunguza mzigo kwa maji na udongo. Likija peke yake, lifanyiwe maswali.

Sheria mpya ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika 13 Mei 2024, imefungua mlango ambao haukuwepo. Makundi ya wazalishaji sasa yanaweza kukubaliana desturi za uendelevu zinazozidi matakwa ya kawaida ya sheria, kuhusu mazingira, hali za wafanyakazi na ustawi wa wanyama, na kuziingiza katika masharti ya jina, zikawa lazima kwa kila mwanachama. Wanaweza pia kutoa ripoti ya uendelevu. Yote ni kwa hiari. Kuna hoja ya haki upande wa hiari: kundi dogo la wakulima wa saladi lisilazimishwe kubeba makaratasi ya kundi la mvinyo lenye mamia ya mawakili. Kwa makundi makubwa yenye mauzo ya mabilioni, sioni kwa nini isiwe lazima.

Tuseme kikundi kimeamua kuutumia mlango huo. Sharti zuri la uendelevu lina sura gani? Meksiko kuna mfano mdogo unaopimika. Agave ikiachwa ichanue hutoa maua yanayolisha popo, na popo hao ndio wachavushaji wake wakubwa. Lakini agave ya tequila huvunwa kabla ya kuchanua, kwa kuwa ua hunywa sukari ambayo mtengenezaji anaitaka. Mtafiti wa popo Rodrigo Medellín wa chuo kikuu cha taifa cha Meksiko na wenzake wamewashawishi baadhi ya wazalishaji waache asilimia 5 ya mimea ya kila hekta ichanue. Popo hupata chakula, na pale mbegu zinapopatikana mimea huzaliana kwa kuchanganya vinasaba badala ya kunakiliana. Mkaguzi anaweza kwenda shambani akahesabu mashina yaliyochanua. Anayeshiriki hujulikana kwa nembo ya ziada kwenye chupa yake. Masharti ya jina tequila yenyewe, yanayomfunga kila mzalishaji, hayataji popo wala maua.